Viraka vyetu vina historia



Katika mkutano wetu wa mwisho, mama mmoja wa kikundi cha kushona alisimama na kuuliza mbele ya watu wote: "Sisi tutashona viraka mpaka siku gani?" Watu walicheka, lakini yeye hakucheka. Alisema kule kambini alivaa viraka juu hakuwa na nguo ingine. Sasa amerudi kwake, na bado kila alhamisi anakaa kwenye mkeka akiunganisha vipande vya nguo kuukuu. Watoto wa jirani wanamuita "mama viraka".

Siku zile zile mfadhili mmoja alituandikia kwa moyo mzuri. Aliuliza kama haingekuwa vizuri atununulie kitambaa kipya, tuache kushona matambara.

Tuliona hayo maswali mawili ni swali moja: je, kiraka ni alama ya umaskini? Kamati ilituomba tujibu katika barua hii. Hatukutaka kujitetea kwa maneno matupu, basi tumetafuta wengine waliounganisha vipande mbele yetu, tuone walikuwa watu gani na sindano iliwafikisha wapi.

Tuanzie hapa hapa Kongo

Wengi wetu tunafikiri kazi hii imeletwa na mashirika. Si kweli. Katika Kasai, kwa watu wa ufalme wa Kuba, kazi ya viraka ni ya zamani sana na ni ya heshima. Wanaume wanafuma kitambaa kwa nyuzi za majani ya rafia. Kipande kinachotoka kwenye mtambo hakiwezi kuzidi urefu wa nyuzi zenyewe, kwa hiyo ukitaka nguo kubwa lazima uunganishe. Tena kitambaa kile kikitoka ni kigumu, kinatwangwa ili kilainike, na katika kutwanga kinatoboka huku na huku.

Wanawake wanaweka kiraka juu ya tundu. Lakini kiraka kimoja peke yake kinamwonyesha kila mtu mahali tundu lilipo. Basi wanaongeza kingine pembeni, na kingine tena, wengine wanavikata kwa umbo la pembe au la duara, mpaka viraka vinajaa nguo nzima na hakuna anayejua tundu lilikuwa wapi. Hivyo ndivyo wataalamu wengi wanavyoeleza asili ya urembo huo.

Sketi moja ya kuzungushia kiunoni inaweza kuwa na mita nyingi. Haishonwi na mtu mmoja: wanawake wa ukoo wanagawana vipande, kila mmoja anashona chake, kisha vinaunganishwa. Kazi inaweza kuchukua miaka. Ikimalizika, nguo ni ya ukoo, si ya mtu. Inatolewa siku kubwa, hasa kwenye matanga, na marehemu anavalishwa nguo hizo akizikwa. Leo nguo za Kuba zinatunzwa katika majumba ya makumbusho ya Ulaya na Marekani, na hatujasikia mtu akiziita nguo za maskini.

Vipande vilivyokuja na lugha yetu

Katika karne ya 19, kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi kilitoka viwanda vya Massachusetts, Marekani, kikashushwa Zanzibar. Watu wakakiita merikani. Wapagazi walikibeba mpaka Ziwa Tanganyika, kikavuka, kikafika Maniema, Nyangwe na Kasongo. Kilikuwa kama feza: walilipia chakula, walilipia njia, walinunua pembe za ndovu, na walinunua watu. Kiswahili tunachosema leo kilipanda huku kwa njia zile zile. Na pamba ya merikani yenyewe ililimwa na watumwa weusi wa kusini mwa Marekani. Mukumbuke hilo, juu tutafika kwao mbele kidogo.

Kule pwani, miaka ya 1880, wanawake wa Zanzibar na Mombasa waliona leso za mkononi zenye rangi, zikiuzwa zikiwa hazijakatwa, moja ikifuatana na nyingine kwenye jora. Kama inavyosimuliwa pwani mpaka leo, walikata leso sita, wakazigawa tatu tatu, wakashona safu moja na nyingine. Ikatoka nguo moja pana ya kujifunga. Wafanyabiashara walipoona inapendwa, wakaagiza ichapwe nzima bila mshono. Ndiyo kanga, ambayo mpaka leo watu wa Mombasa wanaiita leso.

Utumwa ulipigwa marufuku Zanzibar mwaka 1897. Wanawake waliotoka utumwani, ambao zamani walivaa merikani au kaniki nyeusi, waliingia katika kanga za rangi ili waonekane kuwa watu huru. Mtindo ulioanza na vipande vya leso ukawa nguo ya uhuru.

Waliokimbilia msituni

Kuna Waafrika waliovushwa bahari kwenda India. Wanaitwa Wasidi. Wale wa jimbo la Karnataka, wengi wao ni wa uzao wa watu ambao Wareno waliwapeleka Goa kuanzia karne ya 16. Baadhi walitoroka, wakaingia kwenye misitu ya milima, wakajenga vijiji. Sisi ambao tumelala msituni tunajua maana yake.

Mama zao wanashona blanketi la viraka linaloitwa kawandi. Wanachukua sari ya zamani iwe kitambaa cha chini, halafu wanaanzia pembeni, wanaweka vipande vya nguo kuukuu huku wakishona, wanazunguka kuelekea katikati. Hawachori mufano wowote kwanza. Wakimaliza wanaweka kwenye kila pembe vipande vidogo vilivyokunjwa, wanaviita phula, yaani maua. Kwao blanketi lisilo na phula halijavaa, liko uchi.

Watu waliopelekwa ng'ambo bila kuulizwa, hawakukubali blanketi la mutoto litoke nyumbani bila maua. Tangu tuliposoma habari hiyo, baadhi ya wamama wetu wameanza kuweka maua kwenye pembe.

Watu wa Gee's Bend

Sasa tufike kwa wale waliolima pamba. Katika Alabama, kusini mwa Marekani, kuna kijiji kinachozungukwa na muto karibu pande zote. Kinaitwa Gee's Bend. Kilikuwa shamba la pamba la watumwa, na baada ya utumwa watu walibaki palepale wakilima ardhi ya wengine kwa deni. Usiku wa baridi uliingia katika nyumba za mbao zenye nyufa, na wanawake wakashona mablanketi kwa suruali za kazi zilizochakaa, magunia na magauni ya zamani.

Mwaka 1932 mfanyabiashara aliyekuwa akiwakopesha alikufa. Familia yake ikatuma watu wenye silaha, wakachukua mahindi, wanyama, vifaa vya kulimia, karibu kila kitu. Kijiji kiliingia majira ya baridi kikiwa hakina kitu. Ndugu wasomaji wa Masisi na Walikale, hatuna haja ya kuwaeleza zaidi.

Katika miaka ya 1940 serikali iliwauzia familia nyingi ardhi ile kwa mukopo mudogo. Hilo ni jambo kubwa. Katika miaka ya 1960 watu weusi walipoanza kwenda kujiandikisha wapige kura, jirani zao waliokaa kwenye ardhi ya matajiri walifukuzwa, lakini mwenye karatasi ya shamba lake ilikuwa vigumu kumuhamisha. Waliadhibiwa kwa njia ingine: mwaka 1962 pantoni iliyowavusha kwenda mujini ilisimamishwa. Ilirudi mwaka 2006. Miaka 44!

Mwaka 1966 wanawake wa sehemu ile, wakisaidiwa na padri wa Kianglikana Francis X. Walter, waliunda ushirika wa kushona ulioitwa Freedom Quilting Bee. Mablanketi yao yaliuzwa kwa mnada New York. Baadaye ushirika ulinunua shamba la eka kama 23, ukajenga nyumba ya kushonea, na ukauza viwanja kwa familia zilizokuwa zimefukuzwa. Hebu tusome tena: feza ya viraka ilinunua ardhi, na ardhi ikawapokea waliofukuzwa.

Haikuwa rahisi. Maduka makubwa yalitaka kila blanketi lifanane na lingine, na wamama waliozoea kushona kwa kichwa chao walichoka. Mwaka 1972 ulikuja mukataba wa kampuni ya Sears, wa kushona foronya za kitambaa cha kodrai. Ilikuwa kazi ya kurudiarudia, lakini ililipa. Na mabaki ya kodrai yalipelekwa nyumbani, yakawa mablanketi mazuri ambayo kila mama alishona alivyotaka.

Mwaka 2002 mablanketi ya Gee's Bend yalitundikwa ukutani katika jumba la sanaa la Houston, kisha New York, na watu walipanga mustari kuyatazama. Mwaka 2006 posta ya Marekani ilitoa stempu zenye picha zake.

Na sisi

Huku kwetu, tangu vita vya 1993, wengi tumekimbia zaidi ya mara moja. Kila safari unaacha kitu: mbuzi, sufuria, mulango wa nyumba. Unachobaki nacho ni kile ulichovaa na kile kilichomfunga mutoto mugongoni. Ndiyo maana tuliporudi, kitu cha kwanza tulichokuwa nacho kwa wingi kilikuwa nguo zilizochoka. Kikundi chetu kilianza hivyo, bila mashini hata moja. Kilianza juu usiku kuna baridi na blanketi moja lilikuwa la watoto wanne.

Siku moja tulipokuwa tunakata vipande, mama mmoja alileta shati la mume wake ambaye hakurudi. Alishika mukasi, akauweka chini. "Hii shati siwezi kuikata," alisema. "Iko na harufu yake bado." Hatukumulazimisha. Shati lilirudi nyumbani.

Tulimusimulia habari ya Missouri Pettway wa Gee's Bend. Mwaka 1942, baada ya kufiwa na mume wake, alichukua nguo zake za shambani, zenye madoa na magoti yaliyopauka, akazishona blanketi la kujifunika ili amukumbuke. Leo blanketi lile liko katika jumba la taifa la sanaa la Washington. Mama yetu alisikiliza, hakujibu kitu. Baada ya wiki kadhaa alirudi na shati. Alilikata yeye mwenyewe. Mufuko wa kifuani ameuweka katikati, mzima, na ndani yake anaweka ufunguo wa nyumba.

Hilo blanketi haliuzwi. Siku ya maonyesho litatundikwa pamoja na mengine, na kila atakayeuliza bei ataambiwa hivyo.

Tuliyojifunza kwa mikono

Kwa wenzetu wa vikundi vingine wanaotaka kuanza:

Fueni nguo zote kuukuu kwa maji ya moto na muzianike juani mbele ya kukata. Kikwembe kipya nacho kifuliwe kwanza, kwani kinaruka na kinaachia rangi. Sisi tuliharibu blanketi zima kwa kikwembe kimoja chekundu.

Musichanganye kitambaa kizito cha suruali na kile chepesi cha blauzi kwenye mushono mumoja, chepesi kitapasuka. Kizito kikae pembeni, chepesi katikati.

Pitisheni uzi kwenye nta au kwenye mushumaa, hautajifunga mafundo. Mushono uwe mufupi na upite tabaka zote.

Vifungo na zipu muvitunze, vina wanunuzi.

Jibu letu

Kwa mama aliyeuliza: tutashona viraka mpaka siku tutakayotaka kuacha, si siku watoto wa jirani watakapotucheka. Tofauti ya kambini na hapa ni hiyo. Kule kiraka kilitufunika juu hatukuwa na namna. Hapa tunachagua rangi, tunapanga bei, na tunajua feza inaenda wapi. Kamati imekubali sehemu ya mauzo iingie kwenye sanduku la kusaidia wanachama kutafuta karatasi za mashamba yao. Gee's Bend imetufundisha kwamba blanketi linapasha joto, lakini karatasi ya shamba ndiyo inamuzuia mutu asihamishwe.

Kwa mfadhili wetu: aksanti sana. Kitambaa kipya tutakipokea, tutakitumia kwa kazi za kuagizwa, kama sare za shule, ambako kila kitu lazima kifanane. Lakini alhamisi ni ya viraka, na hapo tunaomba musitutumie mufano wa kufuata. Tunachokosa kweli ni mikasi mizuri, uzi wenye nguvu na sindano nene.

Na kwa wanachama wote: mukija kwenye maonyesho, kila mutu alete kipande kimoja cha nguo ya nyumbani kwake, hata kama ni kidogo kama kiganja. Tunaanza blanketi moja la shirika lote. Tutaanzia pembeni, tutaelekea katikati, na pembe zake zitakuwa na maua.