Kiwi sio rangi

Kijana mmoja wa kikundi chetu alirudishwa getini shuleni sababu ya viatu. Shule inataka vyeusi, yeye alikuwa na vya kahawia, vya mitumba, vizima kabisa. Mama yake hakuwa na pesa ya vingine. Basi akapaka kiwi nyeusi mpaka kopo likaisha. Mvua ya kwanza tu, soksi nyeupe zikawa nyeusi na viatu vikabaki kahawia. Akarudishwa tena.

Hapo ndipo nikaanza kutafuta: watu wa zamani walitoa wapi nyeusi ya ngozi?

Kwanza hii kiwi. Siye tunasema kiwi hata kopo likiwa la kampuni nyingine, kumbe ni jina la dawa ya viatu iliyoanza Melbourne, Australia, mwaka 1906. William Ramsay aliyeitoa alikuwa ameoa mwanamke wa New Zealand, na kiwi ni ndege wa huko. Askari wa Vita Kuu ya Kwanza waliitumia sana kwenye buti zao. Lakini ni nta yenye rangi kidogo. Inakaa juu, inang'arisha, inazuia maji. Rangi yenyewe inatakiwa iingie ndani.

Waroma walijua hilo. Pliny, aliyekufa mwaka 79, ameandika juu ya chumvi ya madini ambayo jina lake kwao lilikuwa weusi wa mshona viatu. Ngozi iliyolowekwa na magome ya miti ina ukakasi ndani yake, ule ule unaokausha ulimi ukitafuna gome. Ukakasi ukikutana na chuma, unageuka mweusi. Wino wa vitabu vya zamani Ulaya ulitengenezwa hivyo hivyo.

Tukajaribu. Misumari yenye kutu ndani ya siki, siku saba. Tukapaka kwenye mkanda wa mbuzi wa mzee mmoja anayeshona sandali: dakika chache, mweusi tii! Akaufuta kwa maji ya magadi kidogo sana ili siki isile ngozi. Tukapaka viatu vya kijana: madoa ya kijivu, basi.

Mzee akacheka. "Mwanangu, ngozi hii haijakula magome."

Kweli. Mwaka 1884 Augustus Schultz wa New York alipata hataza ya kutengeneza ngozi kwa kromu. Ni haraka kuliko magome, na leo viatu vingi vya dukani ni vya kromu. Kutu haikuti kitu mle. Ngozi hiyo inataka rangi za viwandani, zile zilizoanza na William Perkin, kijana wa miaka 18, London, 1856.

Sasa hapa nisikilizeni, maana vijana mnapenda haraka. Miaka ya mwanzo ya 1900, rangi fulani za viatu Ulaya na Marekani zilichanganywa na nitrobenzini. Mtu alipaka viatu, akavivaa vikiwa bado vibichi, sumu ikapenya soksi na ngozi ya mguu. Damu ikashindwa kubeba hewa. Midomo ikawa ya buluu, wengine walizimia, wapo waliokufa. Kwa hiyo chupa isiyo na karatasi, yenye harufu ya kuumiza kichwa, mimi siinunui hata wakipunguza bei.

Tulichanga, tukanunua rangi ya spiriti yenye maelezo. Kiwi yote ya zamani tukaitoa kwanza kwa spiriti na kitambaa, maana nta inafukuza rangi. Halafu mkono mwembamba wa kwanza, tukaacha ukauke, wa pili, wa tatu. Tulifanya nje, kwenye upepo, na kukaushia kivulini. Kijana alitaka kuvaa jioni ile ile. Nikavifungia ofisini, akaninunia.

Siku ya tatu alivisugua kwa kitambaa cheupe. Kitambaa kikabaki cheupe. Ndio nikampa kopo la kiwi.