Kitambaa na Fumbo: Usemi wa Mwanafunzi Mbele ya Mahakama ya Marekani

Suala la nini hasa huhesabiwa kuwa usemi aghalabu huachiwa wanaisimu. Nchini Marekani limepata kuamuliwa na majaji, na walioathirika ni watoto wa shule za umma. Mwaka 1943, katika kesi iliyotoka West Virginia, Mahakama ya Juu iliamua kwamba mwanafunzi hawezi kulazimishwa kuisalimu bendera wala kutamka kiapo chake. Kunyamaza kukawa haki, miaka mitatu tu baada ya mahakama iyo hiyo kuamua kinyume.

Desemba 1965, mjini Des Moines, Iowa, wakuu wa shule walipata habari kwamba baadhi ya wanafunzi wangevaa vitambaa vyeusi mikononi kuomboleza waliokufa katika vita vya Vietnam. Wakavipiga marufuku. Mary Beth Tinker, wa miaka 13, kaka yake John, na Christopher Eckhardt walivivaa vivyo hivyo, wakasimamishwa masomo mpaka watakapovivua. Hawakupiga kelele wala kuvuruga somo. Mwaka 1969 walishinda, majaji 7 dhidi ya 2. Jaji Abe Fortas alikihesabu kitambaa kile kuwa karibu sawa na usemi wenyewe, jambo ambalo msomaji wa kanga hahitaji kuthibitishiwa. Tena alibainisha kwamba shule zile ziliruhusu beji za siasa, na hata msalaba wa chuma uliohusishwa na Unazi. Iliyozuiwa ilikuwa rai moja tu. Hofu tupu ya vurugu haikutosha.

Mwaka 1983 Matthew Fraser, wa shule ya sekondari ya Bethel, jimbo la Washington, alimpigia debe mwenzake kwa hotuba iliyojaa mafumbo ya ngono. Tusi la wazi halikuwamo. Aliadhibiwa, na mwaka 1986 akashindwa, kwa hoja kwamba ni wajibu wa shule kufunza adabu ya kusema hadharani. Hoja hiyo si ya kupuuzwa. Ila kipimo kilikwisha kubadilika. Wale wa Des Moines waliulizwa kama walivuruga, huyu akaulizwa kama alisema kwa heshima, na mwenye kulifasiri fumbo ni yule yule mwenye kuadhibu.

Mwaka 2021 mwanafunzi wa Pennsylvania aliyetukana pasipo fumbo lolote alishinda, majaji 8 dhidi ya 1: matusi yake aliyatuma kwa simu siku ya Jumamosi, akiwa nje ya shule.