Faranga Mkononi mwa Mama: Historia ya Fedha katika Kaya za Vijijini Burundi

Familia ya kijijini nchini Burundi ilizijua fedha taslimu kwanza kama kitu cha kulipa. Kabla ya hapo, kaya iliyopungukiwa ilitafuta ng'ombe. Kwa utaratibu wa ubugabire, mwenye mifugo alimkabidhi jirani ng'ombe mmoja au zaidi. Aliyepewa alipata maziwa, samadi ya migomba na heshima, naye akarudisha ndama, pombe ya ndizi na nguvu za mikono yake. Msaada huo ulimfunga: aliyepokea alihesabiwa kuwa mtu wa aliyetoa.

Wajerumani walijenga kituo chao cha kijeshi Usumbura, yaani Bujumbura ya leo, mwaka 1897, na Wabelgiji wakaichukua nchi mwaka 1916. Kodi ya kichwa ikatakiwa kwa sarafu. Mwanamume asiyekuwa na sarafu alikwenda kuitafuta: wengine mashamba ya mkonge ya Tanganyika, wengine mashamba ya Buganda. Miaka ya 1930 utawala wa Kibelgiji ukalazimisha kilimo cha kahawa vilimani, na tangu hapo faranga zikapatikana nyumbani. Lakini zilipatikana mara moja kwa mwaka, baada ya mavuno, na zilitiwa mkononi mwa baba. Mke aliyepalilia, aliyechuma na kubeba vikapu hadi mahali pa kuuzia hakuwa na neno juu yake. Fedha hizo zililipa kodi, mahari na deni la mwaka uliopita. Ikifika miezi ya njaa kabla ya mavuno ya maharagwe, zilikuwa zimekwisha zamani.

Njia nyingine ya faranga ilianzia mjini, na mtaa wa Kiriri unaionyesha vizuri. Uko kwenye mteremko juu ya Bujumbura, wenye hewa nzuri na mandhari ya Ziwa Tanganyika, na wakoloni waliuchagua kwa makazi yao. Wajesuiti nao walijenga hapo, miaka ya 1950, Chuo cha Roho Mtakatifu, ambacho majengo yake ni kampasi ya Kiriri ya Chuo Kikuu cha Burundi. Nyumba za Kiriri zilihitaji wapishi, walinzi na watunza bustani. Waafrika wa mji walipangiwa kukaa chini, katika mitaa kama Buyenzi na Bwiza, na asubuhi wafanyakazi walipanda kilima kwenda kazini. Sehemu ya mshahara wa kijana wa namna hiyo ilisafiri hadi kwa wazazi wake, ikibebwa na mtu wa kwao anayerudi nyumbani. Huo ndio msaada wa fedha wa kwanza ambao kaya nyingi ziliupokea bila kuuza kitu, nao haukuwa na tarehe. Mama hakujua utafika lini, hivyo hakuweza kuupangia jambo.

Burundi ilipata uhuru mwaka 1962 na kuanzisha faranga yake miaka miwili baadaye, lakini mpangilio huo haukubadilika sana. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyoanza mwaka 1993 ndivyo vilivyovuruga kila kitu. Kwa zaidi ya miaka kumi msaada ulikuwa magunia: mahindi, maharagwe, mafuta ya kula na mbegu. Chakula kiliokoa maisha, na hilo halina ubishi. Hata hivyo, aliyepewa maharagwe huku mtoto wake akihitaji dawa aliuza maharagwe hayo sokoni kwa bei ya hasara. Wakimbizi walipoanza kurudi kutoka Tanzania kwa wingi baada ya vita, mashirika yaliongeza kiasi cha fedha kwenye mzigo wa kurejea, na wazo la kumwachia mhitaji uamuzi likaanza kuzoeleka.

Jaribio moja la kugawa fedha lililofuatiliwa kwa makini lilikuwa Terintambwe, la shirika la Concern Worldwide, lililofanyika katika mikoa ya Cibitoke na Kirundo kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 2010. Kaya 2,000 maskini kabisa zilipewa fedha za kila mwezi kwa muda wa zaidi ya mwaka mmoja, kisha mtaji wa biashara ndogo, pamoja na kikundi cha kuweka akiba na mshauri wa kuzitembelea. Watafiti walizilinganisha na kaya ambazo hazikuingizwa. Zilizosaidiwa zilikula milo mingi zaidi kwa siku, zilinunua mifugo na zana, na zilianza kuweka akiba.

Serikali ilipitisha sera ya taifa ya hifadhi ya jamii mwaka 2011. Desemba 2016 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 40 kwa mradi wa Merankabandi, jina la Kirundi linalobeba matumaini ya kukua sawa na wengine. Ulianza katika mikoa ya Gitega, Karuzi, Kirundo na Ruyigi, kwa makumi ya maelfu ya kaya maskini zenye watoto wadogo. Kiasi kilikuwa takriban faranga 20,000 kwa mwezi, zikilipwa kwa mkupuo kila baada ya miezi kadhaa, kwa njia ya simu. Mpokeaji aliyeandikishwa ni mama.

Kiasi hicho kilikuwa kidogo. Kilicholeta tofauti ni tarehe inayojulikana na mkono unaopokea. Katika nchi ambayo utafiti wa kitaifa wa 2016 na 2017 ulikuta watoto 56 kati ya 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa, chungu ndicho cha kutazamwa kwanza. Kaya ya vibarua hula inapolipwa: siku ya kazi kuna ugali wa muhogo na maharagwe, siku ya mvua kubwa watoto hulala na uji mwepesi au bila kitu. Mama anayejua kwamba fedha zitaingia mwezi ujao anaweza kukopa kilo mbili za maharagwe dukani leo na akaaminiwa. Anaweza pia kuacha kibarua kwa jirani wiki ya kupanda, akapanda shamba lake kwanza, mvua ikiwa bado ipo. Mbegu haziliwi. Mavuno hayauzwi yakiwa bado shambani kwa nusu ya bei. Mabadiliko haya hayaonekani kwa mgeni anayepita barabarani, nayo ndiyo makubwa kuliko yote.

Baada ya chungu huja shule na zahanati. Ada ya shule ya msingi ilifutwa mwaka 2005, lakini daftari, kalamu na sare hazikufutwa. Kadi ya matibabu ya CAM iliuzwa faranga 3,000 kwa mwaka, bei ambayo wengi walishindwa kuitoa siku mtoto alipougua. Kisha huja kuku, sungura au mbuzi, na hatimaye mabati. Hofu kwamba maskini atazinywa fedha haikuthibitishwa: utafiti wa wachumi Haushofer na Shapiro kuhusu kaya zilizopewa fedha huko Rarieda, Kenya, haukuona ongezeko la matumizi ya pombe au tumbaku, bali uliona chakula, mifugo na mapaa ya bati.

Ndani ya nyumba mambo ni magumu zaidi. Baba aliyezoea kuishika fedha ya kahawa anaweza kuiona simu ya mkewe kama dharau, ndiyo maana mafunzo yaliyoambatana na malipo ya Merankabandi yalihitaji kumgusa na yeye. Majirani walioachwa nje ya orodha, maskini karibu sawa na walioingizwa, wana haki ya kuuliza kwa nini. Na faranga yenyewe imepungua nguvu: mwaka 2023 bei nchini zilipanda kwa zaidi ya robo, na noti za zamani za 5,000 na 10,000 ziliondolewa sokoni kwa notisi ya siku chache. Kiasi kilichotosha kununua mbuzi kwa akiba ya miezi michache hakikutosha tena.

Kwa hiyo serikali na wafadhili wanaoendeleza mpango huu wana mambo mawili ya kutimiza: kuongeza kiasi kadiri bei zinavyopanda, na kulipa siku waliyoiahidi. Malipo yanayochelewa miezi mitatu humrudisha mama kwa mkopeshaji yule yule aliyekuwa amemkimbia.