Kuuliza, Kufuata Nyayo na Kuhakikisha

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Usemi huo ni wa kweli, walakini hautoshi, kwani kuuliza kuna namna nyingi, na kila namna ina wajibu wake. Mwanafunzi wa Kiingereza hukutana na maneno matatu yaliyo jirani: "inquire", "investigate" na "ascertain". Akiyafasiri yote kwa neno moja, kuchunguza, hatakosea sana. Lakini katika historia ya Isiolo, tofauti ya maneno hayo iligusa matumaini na maisha ya watu.

Kwanza tutazame asili yake. Maneno yote matatu yana mizizi katika Kilatini. La kwanza lina shina lenye maana ya kutafuta kwa kuuliza. Anayelitenda hubisha hodi, akasikiliza jibu. La pili limetokana na neno lenye maana ya unyayo. Mfugaji aliyepotelewa na ngamia hahitaji mwalimu wa kumweleza jambo hilo: huinama, akasoma alama za mchangani, akazifuata mpaka alipo mnyama wake. La tatu limetokana na neno la uhakika, na maana yake ni kuondoa shaka. Kwa lugha yetu tungeweza kusema kuuliza, kupeleleza na kuhakikisha.

Wakati wa utawala wa Waingereza, Isiolo ulikuwa mlango wa Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, ambayo wengi waliiita NFD. Sheria za mwaka 1902 na 1934 ziliifunga nchi hiyo, hata msafiri hakuruhusiwa kuingia wala kutoka bila kibali. Uhuru ulipokaribia, swali kubwa lilizuka: je, wenyeji wangebaki Kenya, ama wangeungana na Somalia, iliyopata uhuru mwaka 1960? Wajumbe wao walilifikisha swali hilo katika mkutano wa katiba uliofanyika Lancaster House, London, mwaka 1962.

Serikali ya Uingereza iliahidi kutuma tume. Mwezi wa Oktoba mwaka huo walifika watu wawili: G. C. M. Onyiuke, mwanasheria wa Nigeria, na Meja Jenerali M. P. Bogert wa Kanada. Neno lililotumiwa katika hati ya kazi yao lilikuwa lile la tatu. Walitumwa kuhakikisha maoni ya watu na kuyatolea taarifa. Hawakutumwa kupeleleza kosa, kwa kuwa hapakuwa na mshtakiwa. Wala hawakupewa mamlaka ya kuamua.

Wazee walizungumza, vyama vikatoa hoja zao, na taarifa ikatolewa mwezi wa Desemba. Ilionyesha kwamba Wasomali, karibu wote, walitaka kuungana na Somalia. Katika sehemu nyingine, Isiolo ikiwamo, watu waligawanyika. Basi uhakika ulipatikana. Lakini tarehe 8 Machi 1963 Waziri wa Makoloni, Duncan Sandys, alitangaza kwamba nchi ya Wasomali ingekuwa jimbo la saba la Kenya. Somalia ikavunja uhusiano wake na Uingereza mwezi huo huo.

Hapa ndipo maana ya neno ilipowaponyoka wengi. Aliyeulizwa shauri lake na mjumbe wa serikali hudhani kwamba jibu lake litafuatwa. Aliyeuliza alijiona ametimiza wajibu kwa kujua tu. Kati ya kujua na kutenda palikuwa na pengo, na katika pengo hilo hasira iliota.

Tarehe 28 Juni 1963 Daudi Dabasso Wabera, Mkuu wa Wilaya ya Isiolo, na Chifu Haji Galma Dida waliuawa. Sasa ilihitajika kazi ya neno la pili, kazi ya kufuata nyayo za wauaji. Mwezi wa Desemba hali ya hatari ilitangazwa, na vita vya Shifta vikaendelea hadi mwaka 1967. Raia wengi wa Isiolo walikusanywa katika vijiji vilivyolindwa, kama vile Garba Tula na Merti, na mifugo yao mingi ikaangamia. Kisha sheria ya mwaka 1970 iliwakinga watumishi wa serikali wasishtakiwe kwa matendo ya miaka hiyo. Hivyo mlango wa kufuata nyayo ulifungwa.

Ilipita miaka mingi kabla ya maswali kurudi. Sheria ya mwaka 2008 iliunda Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, ikaipa kazi zote tatu pamoja: kuuliza walioumizwa, kufuata nyayo za walioumiza, na kuhakikisha kumbukumbu ya taifa tangu tarehe 12 Desemba 1963. Taarifa yake ilikabidhiwa mwezi wa Mei mwaka 2013.

Basi, msomaji, mtu akikujia na swali, mwulize kwanza anatafuta nini: habari, mkosaji, ama hakika? Nawe ukiuliza wengine, waambie mapema utalifanyia nini jibu lao. Hakika na haki ni maneno ya shina moja, lakini kisa cha Isiolo chatufundisha kwamba kuipata ya kwanza si kuitenda ya pili.