Kuficha Sio Kufuta

Nilipopita Kang'ata, Handeni, mzee mmoja aliniuliza: "Mwanangu, mafaili ya Mwingereza yalikwenda wapi?"

Nilimjibu hivi. Kabla ya kutupa uhuru, Waingereza waliyachambua mafaili ya siri ya makoloni. Mengine waliyachoma, mengine wakayasafirisha kwao. Ya Kenya pekee yalikuwa kama 1,500, katika masanduku 300.

Wazee wa Mau Mau walipoishtaki Uingereza, mwanahistoria David Anderson hakuvunja mlango. Alifuata nyaraka zilizoitaja shehena ile, akauliza iko wapi. Hata kwenye kompyuta faili lililofichwa hunaswa vivyo hivyo: linganisha kilichotajwa na kinachoonekana.

Mwaka 2011 serikali yao ilikiri: kulikuwa na mafaili kama 8,800 ya makoloni 37, Tanganyika ikiwemo, yamefungiwa Hanslope Park. Mwaka 2013 ilikubali kulipa pauni milioni 19.9, fidia na gharama, kwa wazee 5,228.

Mzee alitikisa kichwa. "Na yetu?"

Yako Kew, Uingereza. Si Dar es Salaam, wala si Handeni. Mwenye mali asipouliza, nani atamrudishia?