Mbwa Amwongozaye Kipofu, na Jinsi Alelewavyo

Leo nataka kuwasimulia habari ya mbwa. Si mbwa wa kuwinda, wala yule alindaye boma usiku. Ni mbwa aliyefundishwa kazi ya kumwongoza mtu asiyeona. Huenda mmoja wenu akasema, "Mwalimu leo amekosa la kusema." Basi na anivumilie kidogo, maana ninayo sababu.

Zamani nilipoanza kazi ya kufundisha, palikuwa na mtoto mmoja katika darasa la pili, mwepesi sana wa hesabu. Siku moja hakuonekana, na juma zima likapita. Nikaenda kwao. Nikamkuta ameketi barazani pamoja na babu yake, na mzee yule alikuwa amepofuka macho yote mawili. Kati yao ilikuwapo fimbo ndefu. Mtoto hushika ncha ya mbele, mzee hushika ncha ya nyuma, nao huenda hivyo shambani, mtoni na sokoni. Nikasema, "Shikamoo, babu." Akaitika, "Marahaba, Mwalimu. Najua ulilolijia. Nipe macho mengine, nami nitakurudishia mwanafunzi wako." Sikuwa na jibu. Neno lile likanikaa moyoni, na kwa ajili yake nikatamani kujua watu wa nchi nyingine wamefanyaje.

Habari yenyewe yaanza katika Vita Kuu ya kwanza, iliyopiganwa toka mwaka 1914 hata 1918. Kabla ya hapo walikuwako vipofu mmoja mmoja walioongozwa na mbwa, lakini kazi hiyo haikuwa na shule kubwa. Vita ile iliwapofusha askari wengi, kwa mizinga na kwa moshi wa sumu. Katika mji wa Oldenburg, Ujerumani, alikuwako daktari jina lake Gerhard Stalling. Husimuliwa kwamba siku moja alikuwa akitembea na askari kipofu katika uwanja wa hospitali, akaitwa ghafula, akamwacha mgonjwa pamoja na mbwa wake. Aliporudi akaona ya kuwa mbwa anamwangalia yule mtu kana kwamba ameijua haja yake. Mwaka 1916 shule ya kufundisha mbwa kwa ajili ya askari vipofu ikafunguliwa mjini humo, na mwaka 1923 ikafunguliwa nyingine katika mji wa Potsdam.

Basi alikuwako mwanamke wa Marekani, Dorothy Harrison Eustis, aliyekaa katika nchi ya Uswisi, akifuga na kufundisha mbwa wa polisi na wa jeshi. Alikwenda Potsdam akaona kwa macho yake kipofu akipita katikati ya mji penye magari na watu wengi, bila kushikwa mkono na mtu. Akastaajabu, akaandika habari hiyo katika gazeti la Marekani liitwalo The Saturday Evening Post, tarehe 5 Novemba 1927.

Gazeti lile likafika katika mji wa Nashville, kwa kijana mmoja jina lake Morris Frank. Huyu alipotewa na jicho moja alipokuwa mtoto wa miaka sita, na la pili alipokuwa na miaka kumi na sita. Baba yake akamsomea habari ile. Kijana akamwandikia yule bibi barua, akiomba apewe mbwa, naye akaahidi kwamba akirudi kwao atawasaidia vipofu wenzake wapate kutembea vivyo hivyo. Mwaka 1928 akavuka bahari hata Uswisi, akakabidhiwa mbwa jike ambaye yeye mwenyewe alimwita Buddy. Aliporudi New York mwezi wa Juni mwaka ule ule, waandishi wa magazeti wakamtaka avuke njia kuu iliyojaa magari. Akamwambia Buddy, "Mbele." Mbwa akaenda, akasimama, akarudi nyuma kidogo, akaenda tena, hata wakafika ng'ambo salama. Kijana akampelekea yule bibi simu ya neno moja tu, maana yake ni kwamba amefaulu. Tarehe 29 Januari 1929 shule ikaanzishwa Nashville, ikaitwa The Seeing Eye, yaani Jicho Lionalo. Uingereza nako kazi hiyo ilianza mwaka 1931, katika mji wa Wallasey, kwa mbwa wanne.

Sasa tutazame kazi yenyewe. Watu wengi hudhani kwamba mbwa ndiye ajuaye njia, na kipofu hufuata tu. Sivyo. Kipofu ndiye ajuaye aendako. Humwambia mbwa kulia, kushoto au mbele. Kazi ya mbwa ni kuyaona yaliyo njiani. Huvaa mkanda wa ngozi wenye mpini mgumu, na kwa mpini ule mtu huona mkononi kila mbwa ageukapo. Mbwa husimama mwisho wa njia ya waendao kwa miguu. Huzunguka shimo na nguzo. Tena hufundishwa jambo gumu, nalo ni kukwepa tawi lililoinama, ambalo yeye mwenyewe angepita chini yake bila taabu, lakini bwana wake angepigwa usoni. Na lililo kubwa kuliko yote, hufundishwa kukataa amri. Kipofu akisema "Mbele" na motokaa inakuja, mbwa hukaa pale pale. Mnyama mwenye hofu ya fimbo hawezi kufanya hivyo, maana yeye hutii tu, hata amri iwe ya kumwua bwana wake. Kwa hiyo malezi ya mbwa huyu yataka akili.

Wahenga walisema, "Samaki mkunje angali mbichi." Wataalamu wamelipima neno hili kwa mbwa. Katika mji wa Bar Harbor, Marekani, waliwalea watoto wa mbwa katika uwanja mpana uliozungushiwa ua, bila kuchezewa wala kushikwa na watu, kisha wakawatoa kidogo kidogo kwa umri mbalimbali. Mwaka 1961 wakatangaza waliyoyaona. Waliotolewa wangali wadogo walizoea watu. Lakini waliokaa mle hata majuma kumi na manne walikuwa kama wanyama wa mwituni, wala hawakuzoea watu kama wenzao. Kumbe banda safi na chakula tele havitoshi. Mtoto wa mbwa yampasa kukaa na watu mapema.

Kwa sababu hiyo shule hizi huwapeleka watoto wa mbwa katika nyumba za watu. Mwaka 1942 shule ya The Seeing Eye ilianza kuwakabidhi kwa vijana wa chama cha wakulima wadogo kiitwacho 4-H, na Uingereza ikaanza mpango kama huo mwaka 1956. Mtoto wa mbwa huja nyumbani akiwa na majuma kama manane, naye hukaa mwaka mmoja au zaidi kidogo.

Sikilizeni jinsi anavyolelewa, maana hata mwenye mbwa wa kulinda mahindi aweza kufaidika. Hupewa jina moja, na kila amri huwa na neno moja fupi. Leo "keti" na kesho neno lingine humchanganya. Hulishwa kwa saa zake, na kila alapo au aamkapo hutolewa nje mahali pale pale, ajifunze usafi. Akifanya vema husifiwa papo hapo. Sifa ikichelewa hajui ni ya nini. Na akipigwa kwa kosa la asubuhi hajifunzi kosa lake, hujifunza kuuogopa mkono wa mtu. Hushikwa masikio, miguu na kinywa kila siku, asije akamwuma daktari. Haachwi kukimbiza kuku wala paka. Haonjeshwi chakula cha mezani, kwa kuwa siku moja atalala chini ya meza hotelini na bwana wake atakuwa akila. Hupelekwa sokoni, stesheni ya gari la moshi, kwenye ngazi, penye mvua na penye kelele, taratibu, ili asishtuke atakapokuwa mkubwa.

Kisha huja siku ya uchungu. Shule humwita mbwa wake kwa mafunzo ya miezi kadhaa. Mtoto aliyemlea, aliyelala akiisikia pumzi yake, humpeleka mwenyewe na kumkabidhi. Wengi hulia. Wala haijulikani bado kama mbwa atafaulu, maana si wote wafaulio. Lakini akifaulu, yule mtoto amempa mtu asiyemjua kitu ambacho fedha peke yake haikuweza kukifanya. Nawaambia wanafunzi wangu wa ualimu wayatie maanani haya: nasi twalea watoto wa watu, kisha twawaacha waende zao, na faida ya kazi yetu huonekana mahali tusipokuwapo.

Je, namna gani yule mzee wangu? Sikuweza kumpa mbwa. Shule ya namna hiyo haikuwako kwetu, na njia zetu za vichochoro na mifugo si barabara za New York. Lakini nilikwenda kwa wazee wa kijiji nikawaeleza jambo lile. Wakaafikiana kwamba kila siku ya shule mtu mzima mmoja, kwa zamu, amwongoze mzee asubuhi, na mtoto afanye kazi hiyo jioni. Wa kwanza kushika fimbo alikuwa mhunzi, mtu mkali ambaye sikumtazamia. Mtoto akarudi shuleni. Lakini muhula mzima ulikuwa umekwisha kupotea, ikamlazimu kulirudia darasa, na wenziwe wakamtangulia.

Hilo ndilo linalonisumbua hata leo. Wageni walikwenda mbali, wakavuka bahari, wakamfundisha mnyama mwaka baada ya mwaka ili kipofu apate kutembea. Sisi macho mengine tulikuwa nayo pale pale kijijini, katika vichwa vya watu wazima, na tukaacha mtoto wa miaka tisa abebe mzigo ule peke yake mpaka mtu aulize. Basi, jamaa, kila mmoja wenu akirudi kwake leo, na atazame ni nani aishikaye fimbo katika kijiji chake. Kwa herini.