Mazoezi ya mwili ni sehemu ya tiba kwa wanaume wenye saratani ya tezi dume

Katika kaya nyingi za Ngamiani, jijini Tanga, mzee anayerejea nyumbani baada ya kutibiwa saratani hupokewa kwa neno moja: pumzika. Kiti huwekwa barazani, maji huchotwa na vijana, na baiskeli yake hukabidhiwa mjukuu. Huruma hiyo ni ya kweli, lakini ikizidi humwongezea mgonjwa udhaifu. Kwa mwanaume aliyetibiwa saratani ya tezi dume, kukaa bila kuushughulisha mwili kwa miezi mingi huharakisha upotevu wa misuli na mifupa ambao tiba yenyewe huweza kuuanzisha.

Saratani ya tezi dume ni miongoni mwa saratani zinazowapata zaidi wanaume nchini, hususan wenye umri wa miaka 50 na kuendelea. Wagonjwa wengi hufika hospitalini ugonjwa ukiwa umekwisha kusambaa, na kwa hiyo hutibiwa kwa muda mrefu. Mazoezi hayachukui nafasi ya upasuaji, mionzi wala dawa. Kazi yake ni kuusaidia mwili kuzistahimili tiba hizo na kumrudishia mgonjwa uwezo wa kujitegemea.

Tiba ya homoni na mwili wa mwanaume

Tangu mwaka 1941, daktari Charles Huggins wa Marekani alipoonesha kuwa saratani hii hutegemea homoni ya kiume, kupunguza homoni hiyo kumekuwa tiba kuu ya ugonjwa uliosambaa. Hufanyika kwa sindano za kila baada ya miezi kadhaa, au kwa upasuaji wa kuondoa korodani.

Homoni inaposhuka, saratani hudhoofika, lakini na mwili hubadilika. Misuli hupungua, mafuta huongezeka kiunoni, mifupa huwa myepesi na rahisi kuvunjika, na hatari ya kisukari na maradhi ya moyo hupanda. Uchovu huwa mzito hata kwa aliyelala usiku kucha, na uchovu wa namna hiyo hauondoki kwa kulala zaidi.

Mwaka 2003 watafiti wa Kanada walichapisha matokeo ya utafiti uliowahusisha wanaume 155 waliokuwa katika tiba ya homoni. Waliofanya mazoezi ya nguvu mara tatu kwa wiki, kwa wiki 12, walipungukiwa na uchovu na kupata nguvu zaidi kuliko wenzao ambao hawakufanya. Mwaka 2011, watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard waliowafuatilia wanaume 2,705 wenye saratani hii waliona kuwa waliofanya mazoezi makali kwa saa tatu au zaidi kwa wiki walikuwa na hatari ndogo zaidi ya kufa kwa ugonjwa huo, kwa asilimia 61, wakilinganishwa na waliofanya kwa chini ya saa moja. Utafiti huo wa pili ulikuwa wa ufuatiliaji, hivyo hauthibitishi peke yake kuwa mazoezi ndiyo chanzo cha tofauti hiyo.

Wakati wa mionzi

Mionzi hutolewa kwa siku tano za wiki, mara nyingi kwa wiki kadhaa mfululizo. Mgonjwa wa Tanga anayepelekwa Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, huishi mbali na kwake kwa kipindi hicho chote, na siku zake huishia kwenye foleni na kitandani. Uchovu huongezeka kadiri wiki zinavyosonga. Matembezi ya dakika 10 hadi 20 kila siku, kwa mwendo ambao mtu anaweza kuzungumza lakini hawezi kuimba, husaidia kuupunguza. Siku ambayo nguvu ni chache, mgonjwa apunguze muda, asiache kabisa.

Baada ya upasuaji wa kuondoa tezi

Mgonjwa hushauriwa kuanza kutembea polepole mapema, mara nyingi siku inayofuata upasuaji, ili kuzuia damu kuganda miguuni. Hata hivyo, kwa takriban wiki sita asinyanyue vitu vizito, ikiwamo ndoo ya maji iliyojaa, gunia au mfuko wa saruji.

Tatizo linalowatesa wengi ni mkojo kuvuja. Wapo wanaoacha kwenda msikitini, kanisani au barazani kwa kuona aibu, ilhali misuli inayozuia mkojo inaweza kuimarishwa. Mgonjwa huikaza misuli hiyo kama anayezuia mkojo au hewa, huhesabu hadi tano, kisha huilegeza kwa muda uleule. Hurudia mara 10, mara tatu kwa siku, bila kubana pumzi wala kukaza tumbo. Zoezi hili ni vyema lianze kabla ya upasuaji. Lisitishwe wakati mpira wa mkojo ungali umewekwa, na liendelezwe baada ya kutolewa. Lisifanywe wakati wa kukojoa. Nafuu huja taratibu, kwa wiki na miezi.

Suala la baiskeli

Tanga ni jiji la baiskeli, na kwa wazee wengi wa Ngamiani ndicho chombo cha kwendea sokoni na kazini. Kiti cha baiskeli hukandamiza eneo lililo chini ya tezi dume, kwa hiyo aliyefanyiwa upasuaji asiipande hadi daktari wake aruhusu. Anayekwenda kupima damu kipimo cha PSA ashauriwe kutoendesha baiskeli kwa siku mbili kabla, kwa kuwa mkandamizo huo unaweza kupandisha majibu.

Kiasi kinachoshauriwa

Jopo la kimataifa la wataalamu lililochapisha mapendekezo yake mwaka 2019 linashauri walio na saratani wafanye mazoezi ya kutembea au yanayofanana nayo kwa dakika 30, mara tatu kwa wiki, pamoja na mazoezi ya nguvu mara mbili kwa wiki. Anayeanza aanze na dakika 10, akiongeza kidogo kila wiki.

Hayahitaji gharama. Barabara za Ngamiani, zinazojulikana kwa namba zake, ni tambarare na zinamwezesha mtu kupima maendeleo yake: wiki hii barabara mbili, wiki ijayo tatu. Kwa nguvu, inatosha kuinuka kitini na kukaa mara 10, kusukuma ukuta kwa mikono, kuinua visigino, na kunyanyua chupa mbili za maji. Kutokana na joto la pwani, muda unaofaa ni baada ya alfajiri au jioni, na maji ya kunywa yawepo.

Wanaopaswa kuchukua tahadhari

Saratani iliyofika kwenye mifupa haimzuii mgonjwa kufanya mazoezi, ila hubadili aina yake. Mgonjwa huyo asiruke, asipinde mgongo kwa nguvu, wala asinyanyue mizigo, na mpango wake upangwe na daktari pamoja na mtaalamu wa fiziotherapia. Maumivu mapya ya mgongo yanayozidi usiku, miguu kufa ganzi au kuishiwa nguvu, au kushindwa kuzuia haja ghafla ni dharura: mgonjwa apelekwe hospitali siku hiyohiyo, kwa kuwa kuchelewa kunaweza kumsababishia kupooza. Maumivu ya kifua, kizunguzungu, homa au kukosa pumzi ni sababu ya kusitisha mazoezi na kutafuta ushauri.

Wajibu wa familia

Desemba 2016 Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais, alihimiza Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe siku ya mazoezi kwa wananchi. Mgonjwa wa tezi dume ana nafasi katika wito huo, kwa kiwango chake. Wananchi wanashauriwa kuwauliza wataalamu wa Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Tanga, Bombo, au wa kituo walikotibiwa, kabla mgonjwa hajaanza. Baada ya hapo, msaada mkubwa ambao mtoto au mjukuu anaweza kumpa mzee wake ni kufuatana naye katika matembezi.